Zimwi Likujualo na Wanamfalme Wanane wa China

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Katika vikao vya chama tumezoea kuieleza methali kwa hadithi za sungura na fisi. Leo nimeonelea tuichukue methali moja tuipime kwa historia ya kweli, tuone kama itasimama au itaanguka. Methali yenyewe mnaijua hata mkiamshwa usiku wa manane: Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wahenga walitaka kusema kwamba aliye wako, hata akikudhuru, atakuachia kidogo. Ndiyo maana watu wengi huona heri kumkabidhi jamaa mali yao kuliko mgeni wa kuja.

Historia ninayoileta ni ya China, kuanzia mwaka 290 hadi 316 baada ya Kristo. Wakati huo nchi ile ilitawaliwa na ukoo wa Sima, na utawala wao uliitwa Jin. Wachina hutanguliza jina la ukoo, kwa hivyo karibu kila mtu katika makala haya ataitwa Sima. Msichanganyikiwe, angalieni jina la pili. Tena, nikisema mwanamfalme sina maana ya mtoto wa Kaisari peke yake. Nina maana ya mwanamume yeyote wa ukoo ule aliyepewa cheo na jimbo, awe ndugu, ami, binamu au babu.

MLEZI WA KITI NI NANI?

Mfalme akiwa mtoto au akiwa hajiwezi, lazima awepo mtu wa kutawala kwa niaba yake. Mtu huyo hapa nitamwita mlezi wa kiti. Kazi yake ni kama ya baba mdogo anayelishika shamba la yatima. Analima, anavuna, anamlisha mtoto, na mtoto akikomaa anamrudishia hati yake. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini sote tunazo habari za mashamba ambayo yatima alikomaa, akamaliza shule, akaoa, na hati haijaonekana bado! Basi jiulizeni, ikiwa shamba la ekari tatu linaweza kuleta maneno hayo, itakuwaje shamba likiwa ni nchi nzima ya China?

DAWA YA UGONJWA WA JANA

Kabla ya Jin ulikuwako utawala wa Wei, wa ukoo wa Cao. Makaisari wa Wei waliwaogopa ndugu zao wenyewe. Wakawanyima majeshi na kuwaweka mbali na mji mkuu. Mwaka 239 Kaisari mmoja wa Wei alikufa akamwacha mrithi mdogo, Cao Fang, mikononi mwa walezi wawili: Cao Shuang, ambaye alikuwa jamaa, na jemadari Sima Yi, ambaye hakuwa jamaa. Miaka kumi baadaye, mwaka 249, Sima Yi alimpindua mwenzake na kumwua. Tangu siku hiyo ukoo wa Sima ukawa ndio unaoendesha nchi kwa jina la ukoo wa Cao. Mwaka 266 mjukuu wake, Sima Yan, akasema imetosha, akamwondoa Kaisari wa mwisho wa Wei na kukalia kiti mwenyewe.

Sima Yan hakuwa mjinga. Alijiuliza: mbona ukoo wa Cao ulianguka kirahisi hivi? Jibu alilopata ni kwamba Kaisari wao hakuwa na ndugu mwenye nguvu wa kumtetea. Kwa hiyo mara tu alipotawazwa aliwapa jamaa zake 27 vyeo vya wanamfalme. Baadaye wengi wao walipewa majeshi na kuwekwa kulinda miji mikubwa kama Ye, Xuchang na Chang'an. Kwa maneno mengine, aliijenga nchi yote juu ya methali yetu. Akili yake ilimwambia kwamba mgeni humaliza na ndugu hubakisha.

Mwaka 280 aliushinda utawala wa Wu wa kusini, na China iliyokuwa imegawanyika kwa miongo mingi ikawa moja. Watu wakashangilia. Hakuna aliyejua kwamba dawa ya ugonjwa wa jana ndiyo itakayokuwa sumu ya kesho.

MTIHANI WA KUNAKILI

Shida ilikuwa mrithi. Sima Zhong, mtoto wa Kaisari, alikuwa mzito wa akili. Vitabu vya historia vya China vinasimulia kwamba siku moja aliambiwa watu wanakufa njaa kwa kukosa nafaka, naye akauliza mbona hawali uji wa nyama. Tusimcheke sana. Hakuomba kuzaliwa hivyo, wala hakuomba kuwa Kaisari.

Wakuu wa serikali waliliona jambo hili lakini nani angethubutu kulisema? Waziri mmoja mzee, Wei Guan, alijifanya amelewa kwenye karamu, akakipapasa kiti cha Kaisari huku akisema ni huruma kwa kiti hiki. Kaisari alielewa, lakini akajibu kwamba mzee amelewa kweli.

Hata hivyo aliamua kumpima mwanawe, akampelekea maswali ya serikali ayajibu kwa maandishi. Hapo akaingia mke wa mrithi, Jia Nanfeng. Alitafuta watu wa kumwandikia mumewe majibu. Mtumishi mmoja akamtahadharisha: majibu yakijaa maneno ya vitabuni, Kaisari atagundua, heri yaandikwe kwa lugha nyepesi. Yakaandikwa hivyo, mrithi akanakili kwa mkono wake, na baba akasoma akafurahi. Tena akamwonyesha Wei Guan karatasi ile ili amwaibishe! Jamani, hata sisi tunajua kwamba aliyenakili hufaulu siku ya mtihani, na taabu huanza siku ya kuitumia elimu yenyewe. Mwaka 290 Sima Yan alifariki, na mtoto wake akawa Kaisari wa watu wote wa China akiwa na umri wa miaka 30 hivi.

WARAKA ULIOFICHWA

Kaisari yule alipokuwa kitandani alitaka walezi wa kiti wawe wawili. Mmoja awe Yang Jun, baba wa malkia, na wa pili awe Sima Liang, mzee wa ukoo. Waraka ukaandikwa. Lakini Yang Jun aliuazima kutoka ofisini akauficha. Mgonjwa alipozidiwa, ukaandikwa mwingine uliomtaja Yang Jun peke yake. Sima Liang alipoona hivyo alikimbilia Xuchang usiku.

Utamu wa ulezi haukudumu. Mwaka uliofuata, 291, Jia Nanfeng, ambaye sasa alikuwa malkia, alimtumia Sima Wei, ndugu wa Kaisari kwa baba, akaingia mjini Luoyang na askari. Yang Jun alikimbilia zizi la farasi na huko ndiko alikouawa. Waliouawa pamoja naye walikuwa maelfu. Ulezi ukapewa Sima Liang pamoja na yule mzee Wei Guan.

Miezi michache tu ikapita. Malkia akamfanya mumewe aandike waraka wa siri kwenda kwa Sima Wei, kwamba walezi wale wawili ni wahaini. Sima Wei alikuwa kijana wa miaka 20 hivi, damu inachemka. Usiku uleule aliwaua wote wawili. Lakini asubuhi malkia akaona kwamba kijana aliyeweza kuwaua walezi wawili kwa usiku mmoja anaweza kumwua yeye pia. Likatolewa tangazo kwamba Sima Wei amebuni waraka wa uongo. Ikapelekwa mbele ya askari wake bendera ya Kaisari yenye mnyama wa hadithi asiyekula kiumbe hai, ishara ya kuamuru silaha ziwekwe chini. Kumbe bendera ina nguvu kuliko upanga! Askari wote walitawanyika, kijana akabaki peke yake. Alipopelekwa kuuawa alitoa kifuani karatasi ya samawati, ule waraka wenyewe, akalia na kumwonyesha msimamizi. Hakudanganya, lakini ukweli wake haukumwokoa.

Hapo ndipo wanamfalme wengine walipopata somo baya. Walijifunza kwamba Kaisari hatawali, ila jina lake linatawala. Mwenye kumshika Kaisari mkono ndiye mwenye kuandika waraka, na mwenye waraka ana haki ya kuua.

MIKIA YA MBWA

Kwa karibu miaka tisa Malkia Jia alitawala nyuma ya pazia. Nchi ilitulia kiasi, hasa kwa sababu ya mawaziri wazuri kama Zhang Hua. Lakini malkia hakuwa na mtoto wa kiume, na mrithi, Sima Yu, alikuwa wa mama mwingine. Mwaka 300 alimwua. Hilo likampa Sima Lun nafasi aliyokuwa akiingoja. Sima Lun alikuwa ndugu wa babu yake Kaisari. Aliingia ikulu akidai kulipiza kisasi cha mrithi, akamnywesha malkia pombe iliyotiwa unga wa dhahabu, akamwua na Zhang Hua pia ambaye hakuwa na kosa.

Mlezi huyu hakuridhika na ulezi. Mwanzoni mwa 301 alimwondoa Kaisari na kukalia kiti mwenyewe. Ili apendwe aligawa vyeo kama njugu. Maofisa wakubwa walivaa kofia zilizopambwa kwa mkia wa mnyama wa baridi mwenye manyoya ya thamani, lakini vyeo vilikuwa vingi hata mikia ikaisha. Watu wakatania kwamba mikia isipotosha, mkia wa mbwa utamaliza kazi. Maneno hayo yamebaki kuwa msemo wa Kichina hadi leo, nao husemwa kitu kibaya kikiungwa kwenye kizuri.

Wanamfalme watatu wakaungana dhidi yake: Sima Jiong, Sima Ying na Sima Yong. Vita vilidumu siku zaidi ya 60, na historia inasema waliokufa walikaribia 100,000. Sima Lun akanyweshwa pombe ileile ya dhahabu aliyomnywesha malkia. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

KILA MKOMBOZI AKAWA ZIMWI

Kaisari alirudishwa kitini, na mlezi sasa akawa Sima Jiong. Sima Ying yeye alirudi mjini kwake Ye, akawagawia wenye njaa nafaka, na kuwatengenezea waliokufa vitani majeneza zaidi ya 8,000. Watu walimsifu sana. Sima Jiong kule Luoyang alijijengea jumba kubwa akawa hata haendi kumwona Kaisari. Katika baridi ya mwaka 302 kuingia 303, Sima Ai, ndugu mwingine wa Kaisari, alipigana naye ndani ya mji kwa siku tatu, akamshinda na kumwua.

Sima Ai alimheshimu Kaisari kuliko wenzake. Lakini mwaka 303 Sima Yong na Sima Ying, yule yule aliyesifiwa kwa majeneza, walileta majeshi kumng'oa. Luoyang ikazingirwa. Jemadari wa Sima Yong, aliyeitwa Zhang Fang, alibomoa kizuizi cha maji, na vinu vya mji vilivyozungushwa na maji vikakauka. Watumwa wa mabwana wakubwa wakakusanywa kutwanga nafaka kwa mikono ili askari wapate kula. Wavulana kuanzia miaka 13 wakalazimishwa kufanya kazi za vita. Hebu tazameni darasa la Kidato cha Kwanza mhesabu ni wangapi wangebaki. Wapiganapo fahali, ziumiazo ni nyasi.

Mwanzoni mwa 304 mwanamfalme wa nane, Sima Yue, alimkamata Sima Ai kwa hila akiwa ndani ya mji, akidhani mji umeshindwa. Sima Ai akapewa Zhang Fang, naye akamchoma moto akiwa hai.

DAMU KWENYE JOHO

Mwaka huohuo wa 304 Sima Yue alimchukua Kaisari akaenda naye kupigana na Sima Ying. Walishindwa mahali paitwapo Dangyin. Kaisari alijeruhiwa shavuni na kuchomwa mishale mitatu. Maofisa wote walikimbia isipokuwa mmoja, Ji Shao, ambaye alimkinga Kaisari kwa mwili wake mpaka akauawa, na damu yake ikarukia joho la Kaisari. Baadaye watumishi walipotaka kulifua, Kaisari yule waliyesema hana akili aliwakataza. Alisema ile ni damu ya Ji Shao, isifuliwe.

Sasa sikilizeni jambo hili. Ji Shao hakuwa wa ukoo wa Sima. Tena baba yake, mwanazuoni Ji Kang, aliuawa kwa amri ya babu yake Kaisari huyu. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kukimbia siku ile, ni yeye. Ndugu wa damu walikuwa upande wa pili wakirusha mishale, na mtoto wa aliyeonewa ndiye aliyekufa akimtetea.

Baada ya hapo Kaisari alikuwa kama mzigo wa kupokezana. Sima Ying alimpeleka Ye. Ye ilipovamiwa walikimbia bila maandalizi, mpaka ikabidi zikopwe sarafu 3,000 kutoka mfuko wa mtumishi mmoja wa ikulu ili wanunue chakula njiani. Zhang Fang akamhamisha tena hadi Chang'an. Mwaka 306 majeshi ya Sima Yue yakamrudisha Luoyang. Mapema mwaka 307 Kaisari alikufa baada ya kula mkate uliosemekana kuwa na sumu. Sima Ying na Sima Yong nao waliuawa. Akabaki Sima Yue peke yake, mlezi wa Kaisari mpya.

MWISHO WA KARAMU

Lakini alibaki na nini? Wakati ndugu wanapigana, baadhi yao na washirika wao walikuwa wamewaita wapiganaji wa makabila ya kaskazini wawasaidie. Mmoja wa viongozi hao, Liu Yuan wa Waxiongnu, aliona nyumba haina mwenyewe, akajitangazia ufalme wake mwaka 304. Sima Yue alikufa kwa ugonjwa mwaka 311, na jeneza lake likatekwa njiani na kuchomwa moto. Mwaka huohuo Luoyang ilianguka na Kaisari akachukuliwa mateka. Mwaka 316 Chang'an nayo ikaanguka. Mmoja wa ukoo wa Sima alianzisha upya utawala huko kusini mwaka 317, katika mji ambao leo ni Nanjing, lakini kaskazini haikurudi mikononi mwao kwa kudumu. China haikuwa moja tena mpaka mwaka 589.

Wanamfalme wale wanane ni hawa: Liang, Wei, Lun, Jiong, Ai, Ying, Yong na Yue. Saba waliuawa. Wa nane hakupata hata kaburi la amani.

JE, METHALI IMEANGUKA?

Kwa maoni yangu haijaanguka, ila Sima Yan aliisoma nusu. Wahenga walisema zimwi, hawakusema mazimwi. Zimwi moja likujualo hubakisha kwa sababu linajua kesho litarudi kula tena. Lakini mazimwi manane yanayojuana hayabakishi kitu, maana kila moja linajua kuwa litakachobakisha kitaliwa na mwenzake. Ndiyo sababu hata Sima Ying, aliyeanza vizuri, alirudi mezani. Aliogopa kwamba wenzake watamaliza.

Tena Sima Yan alidhani swali ni hili: nani ashike kiti, ndugu au mgeni? Kumbe swali lilikuwa: anayeshika atarudisha lini, na nani atamwuliza? Katika historia yote hii hakuna mlezi hata mmoja aliyepewa siku ya kuondoka. Aliyeachia madaraka aliogopa kuuawa na aliyefuata, kwa hiyo hakuna aliyeachia. Na wote walikuwa wamesoma habari za Mtemi wa Zhou, mwanamfalme wa zamani sana, zaidi ya miaka elfu moja kabla yao, ambaye Wachina husimulia kwamba alikuwa mlezi wa mtoto wa kaka yake kwa miaka saba, kisha akamrudishia ufalme wote. Walimsifu kwa midomo, wala hawakumfuata.

Mimi nayatoa haya kwa sababu ulezi haukuisha na makaisari. Upo katika familia zetu, katika vyama vya akiba, hata katika kamati ndogo za shule ambapo mtu hushika fedha za wenzake. Yatima asiambiwe tu, "Usijali, ni baba yako mdogo." Aambiwe pia hati iko wapi, mashahidi ni akina nani, na atarudishiwa lini. Kuuliza hivyo si kumtukana jamaa. Kunamkinga jamaa mwenyewe asigeuke zimwi.

MASWALI YA KUJADILI CHAMANI

1. Je, Kaisari Sima Zhong alikuwa chanzo cha vita au alikuwa mhasiriwa wa kwanza? Toeni sababu.

2. Linganisheni Ji Shao na wanamfalme. Ni methali gani ya Kiswahili inayomfaa?

3. Kama ungekuwa Sima Yan mwaka 290, ungeandika nini katika waraka wa ulezi ili usiweze kufichwa?

Mwenye jibu la swali la tatu alilete kikaoni. Mimi mwenyewe nimelitafuta, na bado naona waraka ukiandikwa na mmoja na kusomwa na mmoja, hauna usalama. Nafikiri ungesomwa sokoni, watu wote wakisikia.